Namna ya kuituliza mirija ya hewa inayobanwa kwa amri ya ubongo: mwongozo kwa mwenye pumu na wanaomtunza

Karibu kila mtu mwenye pumu amewahi kuambiwa, kifua kinapombana mbele za watu, kwamba hayo ni wasiwasi tu na kwamba akitulia yatakwisha. Kauli hiyo huumiza kwa sababu ina chembe ya ukweli iliyofunikwa na kosa kubwa. Ni kweli kwamba ubongo hushiriki katika kuibana mirija ya hewa, tena hushiriki kila dakika, kwa mgonjwa na kwa mzima. Lakini kubana huko ni kazi ya misuli halisi inayopokea amri kupitia neva halisi, na mrija uliokwisha kubana haufunguki kwa kumwaibisha mwenye nao. Mwongozo huu unakusudia kumwezesha msomaji kuijua njia ambayo amri hiyo hupitia, ili atambue ni wapi anaweza kuipunguza kwa mwenendo wake, ni wapi anahitaji dawa, na ni wakati gani anapaswa kuacha yote na kukimbilia hospitali.

Ijue kwanza njia ya amri

Ukuta wa mirija ya hewa, kuanzia koo la hewa hadi matawi madogo yaliyomo ndani ya mapafu, umezungukwa na misuli laini, yaani misuli ya jamii ileile iliyomo kwenye utumbo na mishipa ya damu, ambayo haikazwi wala kulegezwa kwa hiari ya mtu. Hata kwa mtu mwenye afya aliyetulia, misuli hiyo haijalegea kabisa. Daima ina mkazo kidogo. Dalili ya mkazo huo ni kwamba dawa inayozuia amri za neva huitanua mirija kwa kiasi fulani hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote wa mapafu. Amri yenyewe hutoka katika shina la ubongo, pale ubongo unapokutana na uti wa mgongo, kisha hushuka kwa neva ya vagasi, ambayo hupita shingoni kulia na kushoto hadi kwenye vituo vidogo vya neva vilivyomo katika ukuta wa mirija. Kutoka katika vituo hivyo, nyuzi fupi za neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini juu ya misuli, nayo misuli hukaza. Mwaka 1921 Otto Loewi alionyesha kwa kutumia mioyo ya vyura kwamba neva ya vagasi hufanya kazi kwa kumwaga kemikali, na kwa kazi hiyo yeye na Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Neva hiyohiyo hubeba pia habari kutoka kifuani kwenda juu. Katika mirija kuna nyuzi za hisia zinazotambua moshi, vumbi, baridi, ukavu, tindikali na kunyooshwa kwa mapafu. Habari ikifika kwenye shina la ubongo, jibu hurudi bila kupitia fikra: kikohozi, kamasi, na kukazwa kwa misuli. Kwa mtu asiye na pumu jibu hilo ni kinga nzuri, kwa kuwa huizuia hewa chafu isifike ndani sana. Kwa mwenye pumu, ambaye kuta za mirija yake tayari zimevimba na zina kamasi nyingi, jibu lilelile huwa kubwa kupita kiasi na hukuta njia ambayo imekwisha kuwa nyembamba. Hapo kila kukaza kidogo kuna gharama kubwa, kwa sababu upenyo wa mrija ukipungua kwa nusu, ukinzani dhidi ya hewa inayopita taratibu huongezeka mara 16.

Kuna mambo mengine mawili ambayo msomaji ayashike, kwa maana ushauri wa huko mbele umejengwa juu yake. La kwanza ni kwamba, kwa binadamu, neva za kukabili hatari, zile zinazouharakisha moyo, karibu hazifiki kabisa kwenye misuli ya mirija ya hewa. Misuli hiyo hulegezwa hasa na adrenalini inayoletwa na damu kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, pamoja na nyuzi chache za neva zinazomwaga gesi ya oksidi ya nitriki. La pili ni kwamba ncha za neva zinazomwaga asetilikolini zina breki yake: vipokezi vinavyoihisi kemikali hiyo inapozidi na kuamuru isimwagwe zaidi. Kwa wanyama wa maabara imeonekana kwamba virusi vya mafua, na protini zinazotolewa na chembe za damu wakati wa mzio, huiharibu breki hiyo. Huenda ndiyo maana mtu anaweza kupona mafua na homa ikaondoka, huku kifua kikiendelea kuwa chepesi kubana kwa wiki kadhaa. Asijilaumu, wala asiharakishe kuacha dawa zake katika kipindi hicho.

Kwa nini si “wasiwasi tu”

Mwaka 1968 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo kila anayemhudumia mgonjwa wa pumu angefaa kulijua. Waliwapa watu 40 wenye pumu mvuke wa maji ya chumvi, ambao haukuwa na madhara yoyote, lakini wakawaambia kwamba ulikuwa na kitu kile ambacho kwa kawaida huwaletea shambulio. Watu 19 kati yao mirija yao ilibana kwa kipimo cha mashine, na 12 wakapata shambulio kamili la pumu. Hao 12 walipopewa tena maji yaleyale ya chumvi wakiambiwa kuwa ni dawa, walipata nafuu. Baadaye ikaonekana kwamba mtu akipewa kwanza atropini, dawa inayoizuia asetilikolini isiifikie misuli, maneno hayo hayana tena nguvu ya kuibana mirija yake.

Jaribio hilo husomwa vibaya mara nyingi. Halisemi kwamba pumu ni ya kujitakia, bali linaonyesha kwamba hofu na matarajio vina njia ya mwili ya kufika kifuani, na kwamba njia hiyo ni neva ya vagasi, ileile inayotumiwa na moshi na baridi. Kwa hiyo unayemtunza mgonjwa, sauti yako wakati wa shambulio ni sehemu ya tiba. Usipige kelele, usimwulize maswali mengi, usikusanye watu wakamzunguka. Mwambie kwa sentensi fupi kile unachokifanya: “Dawa hii hapa. Nitakusaidia kuivuta. Usafiri unaandaliwa.” Maneno haya hayatibu uvimbe, ila huondoa amri moja kati ya nyingi zinazoshuka wakati huo.

Fungua daftari kwa wiki mbili

Kabla ya kubadilisha chochote, jifunze mirija yako hubana wakati gani na kwa sababu gani. Tafuta kipimo cha kupuliza, kile kifaa kidogo cha plastiki chenye mshale kinachoonyesha kasi ya juu ya pumzi kwa lita kwa dakika. Simama wima, rudisha mshale kwenye sifuri, vuta hewa mpaka mapafu yajae, funga midomo vizuri kuzunguka mdomo wa kifaa, kisha puliza kwa nguvu na kwa haraka mara moja. Fanya hivyo mara tatu na uandike namba iliyo kubwa kuliko zote, wala usiandike wastani wa hizo tatu. Pima asubuhi baada ya kuamka, kabla ya dawa, na upime tena jioni.

Kisha fanya hesabu moja. Chukua tofauti kati ya namba ya asubuhi na ya jioni, igawe kwa wastani wa hizo mbili, halafu zidisha kwa 100. Ukipata 320 asubuhi na 380 jioni, tofauti ni 60, wastani ni 350, na jibu ni kama asilimia 17. Wastani wa majibu hayo kwa wiki moja au mbili ukizidi asilimia 10 kwa mtu mzima, au 13 kwa mtoto, mirija inapanda na kushuka kuliko inavyotakiwa, na hiyo ni habari ya kumpelekea daktari.

Namba ya asubuhi mara nyingi ndiyo ndogo, na hilo lina sababu yake. Usiku amri za neva ya vagasi huongezeka, adrenalini katika damu hupungua, na homoni ya kotisoli, inayosaidia kupunguza uvimbe, nayo hushuka. Mirija huwa myembamba zaidi karibu saa kumi alfajiri. Kwa mtu asiye na pumu tofauti hiyo ni ndogo na hata haisikii. Kwa mwenye pumu isiyodhibitiwa ndiyo inayomwamsha akae kitandani akihema. Kuamshwa na kifua usiku, hata kama ni mara moja tu kwa wiki, kusichukuliwe kuwa jambo la kawaida la ugonjwa. Ni alama kwamba uvimbe haujadhibitiwa, na ningemsihi msomaji aiandike kila inapotokea, pamoja na saa yake.

Pembeni mwa namba, andika kilichotangulia: moto wa kuni au mkaa, kufagia, marashi makali, mbio, kicheko kirefu, kilio, ugomvi, chakula kizito cha usiku, mafua, baridi. Baada ya wiki mbili mambo mawili au matatu yatakuwa yamejirudia, na hayo ndiyo ya kushughulikia kwanza.

Punguza kinachoiamsha neva

Moshi una nafasi ya kwanza. Nyuzi za hisia katika mirija huujibu moshi wa kuni na mkaa ndani ya muda mfupi sana, tena mtoto aliyebebwa mgongoni jikoni huuvuta sawasawa na mama yake. Asiyeweza kununua gesi apikie nje au kwenye kibanda kilicho wazi, atumie kuni zilizokauka kabisa, na mwenye pumu asiwe ndiye mwasha moto. Sigara haina mjadala, ya mgonjwa wala ya anayeishi naye.

Baridi huingia kwa njia mbili, na watu wengi huijua moja tu. Hewa baridi na kavu ikivutwa kwa mdomo huikausha mirija. Lakini upepo baridi unaopiga uso peke yake unaweza kuamsha amri ya kubana, hata kama hewa inayovutwa ina joto. Anayepanda bodaboda alfajiri Njombe au Limuru mwezi wa saba ajifunike uso, pua na mdomo kwa skafu au barakoa ya kitambaa, na apumue kwa pua, kwa sababu pua huipa hewa joto na unyevu kabla haijafika chini. Pua iliyoziba kwa mzio humlazimisha mtu apumue kwa mdomo, kwa hiyo kutibu mafua ya mzio ni sehemu ya kutunza kifua.

Kwa anayefanya mazoezi, mirija kwa kawaida hubana dakika chache baada ya kusimama kuliko katikati ya mbio. Kupasha mwili moto polepole kwa dakika 10 hadi 15 husaidia wengi, na wapo wanaoelekezwa na daktari kuvuta dawa kabla ya kuanza. Si sababu ya kuacha michezo.

Tumbo nalo limo. Umio na mirija ya hewa hupokea matawi ya neva moja, hivyo tindikali inayopanda kutoka tumboni inaweza kuamsha kikohozi na kubana bila hata tone moja kuingia kwenye mapafu. Mwenye kiungulia ale mapema, akae wima saa mbili au tatu kabla ya kulala, na ainue upande wa kichwa wa kitanda. Asiye na kiungulia hana haja ya kumeza dawa za tindikali kwa matumaini ya kutibu pumu, kwani utafiti umeonyesha kwamba hazimsaidii.

Upumue vipi kifua kinapobana

Hapa ndipo ushauri wa kawaida unapokosea zaidi. Watu humwambia mgonjwa, “Vuta pumzi ndefu!” Kwa mtu mwenye afya, pumzi ndefu huinyoosha misuli ya mirija na kuilegeza. Kwa mwenye pumu faida hiyo hupungua, na wakati wa shambulio pumzi ndefu inaweza kuibana mirija zaidi. Isitoshe, shida kubwa ya aliyebanwa ni kutoa hewa, si kuiingiza: kifua chake kimejaa hewa isiyotoka, na kila pumzi ndefu anayoilazimisha humwongezea mzigo.

Basi kaa wima, inama mbele kidogo, viwiko vikiwa juu ya meza au magoti, na ulegeze mabega. Vuta hewa kidogo kwa pua kama inapitika. Kisha itoe polepole kupitia midomo iliyokunjwa, kama mtu anayepuliza chai ya moto bila kuimwaga, na mtoko uwe kama mara mbili ya uvutaji. Usilazimishe hewa itoke kwa nguvu. Usilale chali. Fanya hivi huku inhela, yaani kifaa cha kuvutia dawa, ikitafutwa, usifanye badala ya kuitafuta.

Katika siku za kawaida, mazoezi ya kupumua taratibu kwa pua na kwa tumbo, dakika 10 au zaidi kila siku, yameonekana kupunguza dalili na kuboresha maisha ya wenye pumu. Hayapunguzi uvimbe wa mirija. Anayekuuzia mazoezi kama mbadala wa dawa anakuhatarisha, hata kama nia yake ni njema.

Ivute dawa ifike inakotakiwa

Sasa msomaji anaweza kuona kila dawa inaikata njia ya amri mahali gani. Salbutamol, iliyoanza kutumika mwaka 1969, huiga kazi ya adrenalini juu ya misuli na kuilegeza ndani ya dakika chache. Ipratropiamu huziba mahali ambapo asetilikolini ingeshika, kwa hiyo hukata amri ya neva yenyewe. Hospitalini huongezwa kwenye salbutamol shambulio linapokuwa kali. Kabla ya dawa hizi, mwanzoni mwa karne ya 19, Waingereza walijifunza kutoka India kuvuta moshi wa mmea wa jamii ya mnanaha, ambao una atropini ndani yake. Mmea huo ulifanya kazi, na uliwadhuru watu pia, kwani kipimo chake hakitabiriki na sumu yake huvuruga akili na moyo. Usiutumie kabisa.

Kundi la tatu ni steroidi za kuvuta, kama beklometasoni na budesonide. Hizi hazigusi misuli moja kwa moja. Hutuliza uvimbe unaoifanya misuli ijibu kupita kiasi, na matokeo yake huja kwa siku na wiki. Tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu haishauri tena mtu mzima au kijana kutibiwa kwa dawa ya kulegeza peke yake bila steroidi ya kuvuta. Ukijikuta unamaliza inhela moja ya bluu, yaani ya salbutamol, baada ya nyingine huku huna dawa ya uvimbe, rudi kwa daktari na uliulizie jambo hili waziwazi.

Dawa nzuri ikivutwa vibaya huishia kooni. Tikisa inhela, toa hewa yote nje, funga midomo kuzunguka mdomo wake, anza kuvuta polepole na hapohapo ubonyeze mara moja, endelea kuvuta kwa sekunde tatu hadi tano, kisha zuia pumzi kwa sekunde 10 au kadiri unavyoweza. Kama ilikuwa steroidi, sukutua na uteme. Kwa mtoto, na kwa mtu yeyote aliyebanwa sana, tumia chemba ya plastiki kati ya inhela na mdomo. Pasipo na chemba, chupa safi ya soda ya plastiki ya nusu lita inatosha: toboa kitako chake kwa umbo la mdomo wa inhela, ichomeke, uzibe pembeni kwa gundi au utepe hewa isivuje, kisha mgonjwa apumulie upande wa mdomo wa chupa. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa iliyozibwa hivyo iliwasaidia watoto wenye shambulio sawa na chemba ya dukani.

Kagua pia dawa nyingine za nyumbani. Propranolol, inayotumiwa kwa moyo, kipandauso au kutetemeka, huizuia adrenalini isiifikie misuli ya mirija, na kumbuka kwamba misuli hiyo haina mlegezaji mwingine mkubwa. Amri ya kubana hubaki karibu bila mpinzani. Matone ya macho ya timolol, ya presha ya jicho, yanaweza kufanya hivyohivyo, kwa kuwa hupita puani na kuingia kwenye damu. Mwambie kila daktari, hata wa macho, kwamba una pumu.

Wakati wa kuondoka nyumbani

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta, akianza kusinzia au kuchanganyikiwa, au kifua kilichokuwa kikipiga filimbi kikanyamaza ghafla huku bado anahangaika, aondoke mara moja. Ukimya huo huwahadaa watu wakadhani ni nafuu, kumbe hewa haipiti tena vya kutosha hata kutoa sauti. Njiani aendelee na salbutamol kwa chemba: mibonyezo minne hadi kumi kila dakika 20 katika saa ya kwanza, kila mbonyezo peke yake ukifuatwa na pumzi chache za kawaida. Usisubiri kuona kama mbonyezo wa mwisho umesaidia ndipo utafute gari.

Shambulio likishapita, rudi kliniki ndani ya wiki moja hata kama unajisikia mzima, ukiwa na inhela zako zote, orodha ya dawa nyingine unazotumia, na lile daftari. Mwombe mhudumu akutazame ukivuta dawa mbele yake, na mkiwa hapo mwandike pamoja kwenye ukurasa wa mwisho namba ambayo, kipimo cha kupuliza kikishuka chini yake, hutangoja asubuhi.